Geum, Potentilla au Alchemilla: kuchagua ua la kudumu la familia ya waridi kwa bustani ya Tanga na Lushoto

Bustani nyingi za Tanga na Lushoto zina waridi tayari. Anayetaka kuongeza ndugu zake wa porini, ile mimea mifupi isiyo na miba inayochanua mwaka baada ya mwaka kutoka kitovu kilekile (sehemu ya chini majani yote yanapotokea), hukutana na jenasi tatu, yaani makundi ya spishi za karibu, zinazochanganywa mno: Geum, Potentilla na Alchemilla. Mche mchanga wa moja unaweza kuuzwa kwa jina la nyingine bila muuzaji mwenyewe kujua, na mnunuzi akagundua baada ya miezi minane.

Hukumu yetu tunaiweka mapema. Ukiwa Lushoto, Magamba, Lukozi au Mtae, chagua Geum, na ndani ya Geum anza na Geum quellyon. Ukiwa na mteremko wenye jua kali na udongo mwembamba wa mawe, Potentilla itastahimili zaidi. Alchemilla hupandwa kwa ajili ya majani, chini ya kivuli. Ukiwa Tanga mjini, Pangani au Muheza, usitie fedha kwenye yoyote kati ya hizo kama unataka mmea wa kudumu.

Mwinuko ndio unaoamua

Jenasi zote tatu asili yake ni nchi zenye baridi ya wastani au milima mirefu. Geum ina spishi kama 50, zilizotawanyika Ulaya, Asia, Amerika zote mbili na New Zealand, na ncha ya kusini ya Afrika ina Geum capense. Potentilla ina spishi mia kadhaa, nyingi zikiwa upande wa kaskazini wa dunia. Alchemilla nayo ina mia kadhaa, na ndiyo pekee kati ya tatu yenye wenyeji wengi karibu nasi: ukipanda Kilimanjaro na kuupita msitu, vichaka vya Alchemilla vyenye majani ya kung'aa ni sehemu ya kawaida ya uoto wa juu.

Joto hupungua takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Mji wa Lushoto upo karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo una nyuzi 8 hadi 9 pungufu ya Tanga mjini, na vijiji vya juu ya Magamba vina baridi zaidi. Tofauti inayogusa mimea hii hasa ni ya usiku. Mchana mmea hutengeneza sukari, usiku huitumia kwa kupumua. Usiku wa Januari Tanga mjini hubaki kwenye nyuzi 24 au 25, na mmea wa nchi ya baridi huteketeza usiku karibu kila ulichokitengeneza mchana. Majani yanakuwa madogo, kitovu kinakonda, na masika yakifika yanakuta mmea dhaifu uliokaa kwenye unyevu wa moto. Unaoza. Mbolea haiwezi kurekebisha hilo, na kumwagilia zaidi kunaharakisha kifo.

Shida ya pili ya pwani ni udongo. Sehemu nyingi za karibu na bahari zimekaa juu ya mawe ya matumbawe yenye chokaa nyingi, wakati Geum inapenda udongo wenye asidi kidogo, pH 6 hadi 7. Kwenye chokaa majani machanga hugeuka manjano huku mishipa ikibaki kijani: madini ya chuma yamo udongoni, ila mizizi haiwezi kuyachukua.

Alama za kutambua: subiri tunda

Jani linadanganya. Jani la Geum changa lina kipande kimoja kikubwa cha mviringo, na ukiliona peke yake utasema Alchemilla. Jani la Potentilla yenye vijijani (vipande vya jani moja) vitatu hufanana mno na la stroberi. Ua lililofunguka linasaidia zaidi, lakini hata hapo Geum ya njano na Potentilla ya njano zote zina petali tano, stameni (nyuzi za chavua) nyingi, na pete mbili za kijani nyuma ya petali: sepali tano, na katikati ya kila mbili kijijani chembamba cha epikaliksi. Pete hiyo ya pili ni alama ya kundi zima. Ukiigeuza stroberi utaiona pia, lakini kwenye waridi lenyewe haipo.

Kinachokata shauri ni kishingo cha pistili, sehemu ya kike ya ua: ule uzi unaoinuka kutoka ovari, panapokaa mbegu, kwenda stigma, panapotua chavua. Kwenye Geum kishingo hakidondoki chote petali zikishaanguka. Hurefuka, hukauka na kubaki juu ya kila mbegu, hivyo kichwa cha mbegu huonekana chenye nywele au miiba laini. Kwenye Potentilla kishingo huanguka, na kinachobaki ni kundi la vijitunda vidogo vilaini vilivyojificha ndani ya kaliksi, yaani duara la sepali. Ukikuta mmea wa muuza miche una kichwa kimoja tu cha mbegu kilichokauka, kiangalie hicho kabla ya kutazama maua.

| Sehemu | Geum | Potentilla | Alchemilla |
|---|---|---|---|
| Petali | 5. Aina za bustani zina zaidi | 5, mara chache 4 | hakuna |
| Sepali na epikaliksi | 5 na 5 | 5 na 5 | 4 na 4 |
| Stameni | 20 na kuendelea, mara nyingi zaidi sana | 20 hivi | 4 |
| Kishingo baada ya ua | hubaki na kurefuka | huanguka | hakisaidii kutambua |
| Jani la chini | vijijani vya jozi, cha mwisho kikubwa kuliko vyote | vijijani 3 hadi 7 kama vidole, au vya jozi | duara lenye mapindo |

Idadi za stameni na sepali za Alchemilla ni za spishi za bustani kutoka Ulaya na Asia ya Magharibi. Zile za vichaka za milima yetu zina shina gumu, na huwezi kuzichanganya na nyingine mbili.

Ndani ya Geum: tano za kujua

Geum quellyon hutoka Chile, na katika vitabu vingi bado inaitwa Geum chiloense. Majani yake yana manyoya na hukaa duara chini, kimo cha sentimita 30 hivi. Mabua ya maua hupanda hadi 50 au 60, yakijigawa juu, kila tawi likibeba ua lenye upana wa sentimita 3 hadi 4. Aina mbili za zamani, 'Mrs J. Bradshaw' yenye maua mekundu na 'Lady Stratheden' yenye maua ya njano, zina petali za ziada na huota kutoka mbegu zikiwa karibu sawa na mama yao. Ndizo tunazopendekeza kwa anayeanza Lushoto, kwa sababu mbegu zake zinapatikana kirahisi kuliko nyingine, na miche iliyooteshwa mapema huweza kuchanua bila kungoja majira ya theluji ambayo sisi hatuna.

Geum coccineum ni ya Balkani na Uturuki. Ni fupi, sentimita 30 hadi 40, yenye rangi ya chungwa inayoelekea wekundu wa tofali, petali tano tu. Kijijani chake cha mwisho ni kikubwa na cha mviringo, na vya pembeni ni vidogo mno. Mimea mingi inayouzwa kwa jina hili kwa kweli ni quellyon au machotara yake. Ikipita sentimita 50 na petali zikiwa zimerundikana, umeuziwa quellyon. Kwa bustani si hasara, ila kwa kumbukumbu zako andika jina sahihi.

Geum rivale ni ya mabonde yenye maji ya Ulaya, Asia ya kaskazini na Amerika ya Kaskazini. Ua lake huinama. Sepali ni za zambarau iliyokoza inayoelekea rangi ya udongo, petali za waridi iliyofifia, na likishachavushwa bua hujinyoosha na kichwa cha mbegu huinuliwa juu ya sepali kwa kijiti chake chenyewe. Hakuna Geum nyingine ya bustani yenye kijiti hicho kirefu namna hiyo. Inafaa mahali ambapo quellyon ingeoza, pembeni ya mfereji au chini ya bomba linalovuja, maadamu ni juu milimani.

Geum urbanum ndiyo itakayomvutia mtu wa Tanga kabla ya zote, kwa sababu ya mzizi. Ukiuchimba na kuuponda hutoa harufu ya karafuu, na kemia ni ileile: ndani ya mzizi kuna kemikali iitwayo geini, ambayo ukiupasua mzizi huvunjika na kuachia eujenoli, mafuta yanayoipa karafuu harufu yake. Watu wa Ulaya waliutumia kutia ladha vinywaji kabla karafuu hazijawa rahisi kupatikana. Lakini sisi wa Muheza na Amani tuna mikarafuu yenyewe. Kulima Geum urbanum kwa ajili ya harufu ni kazi isiyo na faida. Ua lake ni dogo, sentimita 1 hadi 2, la njano ya kawaida. Isitoshe, machipukizi yake yanahitaji wiki kadhaa za baridi ya friji ndipo yatoe maua. Bila hiyo hukaa majani miaka nenda rudi. Na mbegu zake zina kulabu, jambo tutakalolirudia.

Geum triflorum ya nyika za Amerika ya Kaskazini ni ya mpenzi wa vichwa vya mbegu. Maua matatu matatu huinama kwenye bua moja, rangi ya waridi, hayafunguki sana. Baada ya hapo vishingo hurefuka hadi karibu sentimita 5 vikiwa na manyoya ya fedha, na upepo ndio unaobeba mbegu. Inataka baridi ya kweli na ukavu, kwa hiyo Lushoto ni jaribio la mwenye subira tu.

Kuhusu mbegu za kuvuna mwenyewe, jihadhari. Geum urbanum na Geum rivale zina kromosomu 42 kila moja, na zikipandwa jirani huzaana. Chotara wao ana rutuba na huzaa tena na wazazi wote wawili. Machotara mengi ya bustani, kwa mfano 'Totally Tangerine', hayatoi mbegu kabisa, na huongezwa kwa kugawa vitovu. Ukitaka mbegu zitakazofanana na mama, panda aina moja tu katika eneo moja, au funika maua machache kwa kitambaa cha chandarua kabla hayajafunguka na uyachavushe kwa brashi.

Potentilla: inavumilia, lakini moja ni ya kuogopa

Potentilla nepalensis na Potentilla atrosanguinea, zote za Himalaya, ndizo zinazostahili nafasi. Ya kwanza ina majani ya vidole vitano na maua ya waridi yenye wekundu katikati. Ya pili ina vijijani vitatu vya fedha upande wa chini na maua mekundu ya damu. Hukua sentimita 30 hadi 45, mabua yakilala ovyo, hivyo zipande mbele ya ukuta wa mawe ziangukie juu yake. Zinavumilia udongo maskini na jua la mchana mzima kuliko Geum. Ukizilisha sana zinarefuka na kulala chini bila maua.

Potentilla indica ni habari nyingine. Hutambaa kwa matawi yanayotia mizizi kila pingili, ina majani ya stroberi na tunda jekundu la kuvutia linalotazama juu, ndani likiwa kama sifongo lisilo na ladha. Limewadanganya wengi kuwa ni stroberi mwitu. Tazama petali: stroberi ni nyeupe, hii ni njano. Tazama epikaliksi: hapa vijijani vyake ni vipana kuliko sepali na vina meno matatu nchani. Haina sumu. Ubaya wake ni kwamba inavumilia joto kuliko ndugu zake, inafunika ardhi upesi, na ndege hula tunda na kulibeba mbali. Usiipande milimani Usambara.

Alchemilla kwa ufupi

Alchemilla mollis ndiyo inayouzwa. Jani lake ni duara lililokunjwa mapindo kama kipepeo cha ukili, lenye manyoya mafupi yanayozuia maji yasilowanishe, hivyo matone hukaa juu yake yakiwa duara kamili asubuhi yote. Matone mengine hutoka kwenye jani lenyewe, yakisukumwa nje kwenye meno ya ukingo usiku wa unyevu mwingi. Maua ni madogo, ya kijani inayoelekea njano, hayana petali hata moja, na huja mengi pamoja kama povu.

Mbegu zake hutengenezwa bila kurutubishwa, kwa hiyo kila mche ni nakala ya mama. Hapa huna haja ya chandarua wala brashi. Una haja ya mkasi: kata maua kabla hayajakauka, la sivyo utang'oa miche mwaka mzima kila ufa wa sakafu. Inafaa chini ya miti ya plamu na peasi, ambako Geum ingekosa jua. Zaidi ya hapo haina mengi ya kusema.

Kuotesha na kupanda Geum Lushoto

Anza kitaluni katikati ya Julai ili miche iende shambani mwanzoni mwa vuli. Mbegu za quellyon hazihitaji friji. Za rivale na triflorum changanya na mchanga mbichi kidogo, tia kwenye mfuko wa plastiki, weka rafu ya kawaida ya friji, nyuzi 4 hivi, kwa wiki 4 hadi 6. Usiweke kwenye sehemu ya kugandisha.

Mchanganyiko wa kuoteshea uwe udongo wa juu sehemu 2, mboji iliyoiva sehemu 1, mchanga wa mto sehemu 1, vyote vikiwa vimechekechwa. Jaza sinia lenye matundu, lowesha kwanza, kisha tawanya mbegu na uzifunike kwa milimita 2 au 3 tu. Mbegu iliyozikwa sentimita moja haitoki. Geum huota kwa wiki 3 hadi 4 joto likiwa nyuzi 18 hadi 21, na asubuhi za Julai Lushoto ni baridi kuliko hapo. Weka sinia mahali pa jua la asubuhi chini ya plastiki nyeupe, ukifungua pembeni mchana ili miche isipikike. Maji yaingie kwa chini: kalisha sinia ndani ya beseni lenye maji kidogo hadi uso ulowe, kisha litoe.

Miche ikiwa na majani matatu au manne halisi, ihamishie kwenye viriba vya sentimita 10 kwa 15. Hapa ndipo makosa mengi hutokea: watu huzika kitovu, ile sehemu majani yote yanapotokea, kwa kudhani mche utasimama vizuri zaidi. Kitovu kikizikwa kinaoza. Kiwe sawasawa na uso wa udongo, na kama kuna kosa, bora kiwe juu kwa nusu sentimita.

Shambani panda Oktoba, mvua za vuli zikishaanza kushika. Inua tuta la sentimita 20, kwa maana masika ya Usambara hayana huruma na mmea uliokaa bondeni. Chimba shimo la sentimita 30 kila upande, changanya udongo uliotoka na lita 5 za mboji. Udongo mwekundu wa huku mara nyingi una asidi kali. Ukiupima ukakuta pH chini ya 5.5, changanya chokaa ya kilimo wiki mbili au tatu kabla, au majivu makavu ya kuni, konzi moja kwa shimo na si zaidi. Mmea na mmea uachane sentimita 35 hadi 40. Tandaza majani makavu unene wa sentimita 5, yakikaa mbali na kitovu upana wa vidole vitatu. Januari na Februari mwagilia lita 2 kwa kila mmea mara mbili kwa wiki, asubuhi, kwenye udongo na si juu ya majani.

Mbolea ya kuku iache kwenye mchicha. Nitrojeni nyingi huzaa majani makubwa ya kupendeza na maua mawili. Mboji mara moja kwa mwaka, mwezi Juni baada ya masika, inatosha. Kata kila bua lililomaliza kuchanua hadi chini kabisa. Likiachwa litie mbegu, mmea huacha kutoa mabua mapya.

Baada ya miaka mitatu kitovu hujiinua juu ya ardhi, kinakuwa kama mti, na maua hupungua katikati. Huo si ugonjwa. Juni, udongo ukiwa bado na unyevu na jua limepoa, chimba mmea wote, kata kwa kisu kikali vipande vya pembeni vyenye majani matatu na mizizi yake, tupa sehemu ngumu ya katikati, panda upya. Mmea mmoja hutoa vipande vitano hadi vinane.

Ukikosa maua mwaka wa kwanza, kagua kwa utaratibu huu: saa za jua (zikiwa chini ya tano, hamisha), mbolea uliyotia, kina cha kitovu, kisha aina yenyewe, kwa kuwa urbanum haitakupa ua bila baridi hata ufanyeje. Unga mweupe juu ya majani ni ubwiri unga. Hutokea mizizi ikiwa imekauka huku hewa ikiwa nzito, na dawa ya kwanza ni maji ya kutosha chini na nafasi kati ya mimea. Majani ya nje yakilegea wakati udongo umelowa, vuta kitovu kwa upole. Kikitoka mkononi chenye weusi na harufu mbaya, mzizi umeoza: ondoa mmea pamoja na udongo wake, wala usipande Geum tena shimo hilo kwa msimu mmoja.

Kwa aliyeko Tanga mjini

Ua la pwani hupimwa kwa harufu. Asumini, kilua, mkadi, mrehani na waridi lenyewe huingia kwenye kikuba na kwenye nywele. Geum haiwezi kuingia hapo, maana ua lake karibu halina harufu na petali zake huanguka ukizigusa. Kwa hiyo kwa bustani ya mjini, kutoka familia hii, panda waridi kwenye chungu kikubwa, uipe jua la asubuhi, na usijione umekosa kitu.

Anayetaka kuiona Geum hata hivyo aichukue kama ua la msimu. Nunua mmea wa Lushoto ulio kwenye kiriba ukiwa na mabua yenye matumba ya maua, Julai au Agosti, upepo wa kusi ukiwa umepunguza joto. Usiusafirishe mchana: ukiteremka Soni hadi Mombo joto hupanda ghafla, na mmea uliofungwa kwenye buti la basi hufika umelegea. Uweke barazani upande wa mashariki, kwenye chungu cha udongo ambacho hupoza mizizi kwa kupitisha unyevu, juu ya matofali mawili maji yatoke. Utapata wiki chache za maua. Kabla ya Oktoba urudishe milimani au umpe mtu anayepanda.

Kabla ya kuagiza mbegu

Usambara ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, yenye mimea isiyopatikana popote pengine duniani, na imeshaumizwa na wageni. Mti wa Maesopsis eminii uliopandwa Amani umeenea ndani ya msitu, na Clidemia hirta, kichaka cha kigeni, imeenea kwenye sakafu ya msitu huohuo. Ndiyo sababu tunarudi kwenye kulabu za Geum urbanum, endapo itapata baridi ya kutosha na kuchanua. Kishingo chake kina kiungo katikati. Mbegu ikikomaa nusu ya juu hukatika na ya chini hubaki imepinda, tayari kushika manyoya ya mbuzi, soksi au kanga ya mpita njia. Quellyon, coccineum na rivale nazo zina vishingo vya kiungo, lakini ukikata mabua kwa wakati hazipati nafasi. Anayekaa ukingoni mwa Msitu wa Magamba asipande urbanum wala Potentilla indica, na Geum nyinginezo asiache kichwa hata kimoja kikakauka shambani.

Mbegu na miche kutoka nje ya nchi hupitia Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, TPHPA. Omba kibali cha kuingiza kabla ya kulipia mzigo, ukitaja jina la kisayansi kamili, jenasi na spishi. Pakiti iliyoandikwa "Geum mchanganyiko" iache: hujui kama urbanum imo ndani yake, na hutajua mpaka ichanue au ikatae kuchanua.